Mshubiri wa Debe Hapa Jericho

Wasomaji wenzangu, mshubiri uliopo mlangoni pangu ni chipukizi la ule wa marehemu mama yangu, wala sitaki ufe mikononi mwangu. Majirani huuonea huruma wakataka kuunywesha kila jioni, mimi huwazuia. Udongo wetu mweusi hushika maji mno, na mizizi ya mshubiri huoza upesi. Kwa hiyo nimeupanda katika debe lililotobolewa chini, mchanga na kokoto vikizidi udongo, penye jua. Maji hupata udongo ukiisha kukauka kabisa. Chipukizi nikilitenga, huliacha kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo hulipanda. Atakaye mche na aje kwangu, asing'oe wa porini. Mishubiri ya huko ilivunwa ovyo hata Rais akapiga marufuku mwaka 1986.