Mwanagenzi wa kamera, Leeds na Kariakoo

Hapa Uingereza miji mingi ina klabu za kamera. Wanachama hukutana jioni, msimu ukianza Septemba, na klabu nyingi huwatengea wanaoanza daraja lao, wasishindanishwe na waliobobea. Usiku wa mashindano huja jaji kutoka nje. Picha inaonyeshwa, kinasomwa kichwa chake tu, mpigaji hatajwi. Jaji anaeleza kilichomvutia na kilichomkwaza, kisha anatoa alama. Royal Photographic Society, chama cha tangu 1853, nacho hutoa hadhi yake ya kwanza kwa kupitia picha 10 za mwombaji.

Kwetu Dar es Salaam, picha ya anayeanza haina wa kuitazama. Ukienda kujifunza studio Kariakoo utafagia, utachaji betri, utabeba stendi za taa, utamfuata bosi harusini. Kamera utaishika siku bosi ana kazi mbili. Ukiuliza sababu ya jambo, jibu ni moja: "Wewe tazama tu."

Lakini kuna mambo hayaonekani kwa kutazama. Bibi harusi kavaa shela jeupe. Kamera ikipima mwanga kwenye shela, inadhani ukumbi unang'aa, inapunguza mwanga, na nyuso za maharusi zinazama gizani. Fundi anazungusha kigurudumu kwa dole gumba, nyuso zinarudi. Kijana aliyeshika taa anaona dole gumba tu. Wapo walioacha kazi hii wakiamini hawana kipaji, kumbe walinyimwa sentensi mbili.

Hofu ya bosi naielewa. Kijana akijua leo, kesho anachukua wateja kwa nusu bei. Wengi ninaokutana nao klabuni Leeds ni wastaafu wanaopiga picha kwa mapenzi. Hakuna anayemnyang'anya mwenzake riziki, kwa hiyo kufundisha hakuwagharimu. Tena hapa mtu anaweza kupiga picha za ndege na madaraja miaka nenda rudi bila kumkabili binadamu. Kijana wa Kariakoo mapema tu anajua kuwapanga mashangazi kwenye picha ya ukoo bila kumuudhi aliyewekwa nyuma. Ujuzi huo klabu haina.

Basi ndugu zangu mafundi, mnapochagua picha za albamu, mketisheni kijana kando yenu. Mwambieni kwa nini hii imebaki na ile imefutwa. Wateja wanaowafuata kwa jina lenu hawatahama kwa sababu hiyo, na harusi zikigongana Jumamosi mtakuwa na mtu wa kumtuma.