Sauti ya Gitaa la Brian May

Katika chama chetu cha muziki pana ubishi. Fedha tulizochanga zatosha kununua kitu kimoja tu, na wenzangu wengi wanataka kisanduku cha kubadilisha sauti, ili gitaa letu lilie kama la Brian May wa bendi ya Queen. (Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka wa 1946, kwa hiyo twajiona tuna haki kidogo juu yao.) Mimi napinga.

Brian May alianza kutengeneza gitaa lake mwaka wa 1963, akiwa na umri wa miaka 16, akisaidiwa na baba yake, kwa sababu magitaa ya dukani yalikuwa ghali mno. Shingo ilichongwa kwa mbao za meko ya zamani. Mkono wa kutikisia nyuzi ulitoka kwenye baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia ya mama yake. Kazi ilichukua kama miaka miwili.

Lakini gitaa peke yake halitoi sauti ile. Yeye hupiga nyuzi kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita, ambayo meno ya ukingo wake huukwaruza uzi, hata kila noti ikaanza kwa mkato kama neno lililotamkwa vizuri. Kisha hufuata kisanduku kidogo chenye transista, kinachoongeza nguvu ya sauti nyembamba kuliko nene. Mwisho ni amplifaya ya valvu, Vox AC30, iliyofunguliwa kabisa. Valvu zikizidiwa hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Hapo noti moja huzaa nyingine ndogo juu yake, na yote hudumu kama noti ya fidla. Sauti nene zikiachwa ziingie kwa wingi, utasikia mngurumo tu.

Muhula uliopita nilijaribu. Nilitengeneza kisanduku kwa transista moja, vipande vya redio mbovu na betri ya volti 9, nikakiunganisha na amplifaya ya valvu iliyokuwa ikitumika kanisani zamani. Nilipopunguza sauti kwenye gitaa, ikawa safi, nilipoongeza, ikaimba. Padre alituma mtoto kuuliza kumetokea nini.

Kisanduku cha dukani chaweza kuiga AC30 vizuri, tena kwa sauti ya chini isiyosumbua bweni. Hilo nakubali. Lakini tutazungusha vitufe vyake tusijue kipi kimefanya nini, na kikiharibika hatutaweza kukifungua. Amplifaya yetu ya zamani yahitaji valvu mpya na spika, na kwa hivyo viwili fedha zatosha.

Kura itapigwa Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao. Kama kuna ndugu aliyemaliza shule hapa naye ana valvu za redio ya zamani alizoziweka kabatini, tafadhali atuandikie kabla ya siku hiyo.