Idjwi: kazi iko ndani ya simu, jua liko juu ya paa

Idjwi, Kivu ya Kusini. – Kila siku saa 11 alfajiri, dada mmoja mwenye miaka 29 anatoka nyumbani kimya kimya, simu mkononi, na kupanda kilima kilicho juu ya kijiji, upande wa Bugarula. Haendi kuteka maji wala kutafuta kuni. Anatafuta mtandao. Pale juu, karibu na mparachichi mmoja mkubwa, mtandao unashika vizuri kabla watu wengi hawajaamka. Anasimama hapo mpaka kazi aliyoandika jana ifike Ulaya. Halafu anashuka kusaidia kuwasha moto.

Jina lake halitajwi, kwa ajili ya usalama wake. Ni mzaliwa wa Minova, katika eneo la Kalehe. Kazi yake ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa kwa Kiswahili, kuziandika neno kwa neno, kisha kuzitafsiri kwa Kifaransa. Wanaomlipa hajawahi kuonana nao. Alianza kazi hiyo mjini Goma, katika chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, na wakati huo majirani walidhani hana kazi, kwa sababu hawakumwona akitoka asubuhi.

Januari 2025 alikuwa Minova kumuuguza mama yake. Tarehe 21 mwezi huo waasi wa M23 waliiteka Minova. Familia nyingi zilikimbilia ziwani. Yeye, mama yake na mdogo wake wa kiume walipata nafasi katika mashua iliyokwenda Idjwi. Walibeba dawa za mama, sufuria moja, nguo chache na kompyuta yake ndogo aliyoifunga ndani ya kitenge. Mama alishikilia kitenge hicho njia nzima akidhani ndani mna nguo.

Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda. Wakaaji wake wanalima mihogo, ndizi, maharagwe, kahawa na mananasi, na wengi wanavua sambaza. Wengi ni Bahavu, kama watu wa Minova, kwa hiyo lugha haikuwa shida. Hata mwaka 1994 kisiwa hiki kilipokea wakimbizi kutoka Rwanda. Mama aliyewapokea ni mjane. Mume wake alizama ziwani usiku akipeleka kahawa ng'ambo kwa magendo, kama wanaume wengine wengi wa kisiwa hicho. Hakuuliza maswali mengi. Alisema tu: "Ingieni, mwanangu. Nyumba ni ndogo, lakini mvua haiingii."

Siku tatu za kwanza dada huyo hakufanya kazi. Siku ya nne alipanda kilima, simu ikashika mtandao, na ujumbe uliokuwa umesubiri ukaingia wote pamoja. Msimamizi wake aliuliza yuko wapi. Akajibu kwa kifupi: "Nimesafiri. Niko kisiwani." Akaongeza picha ya ziwa, maji ya buluu na jua likiwaka. Wenzake wa kazi, ambao wako katika nchi mbalimbali, walimwandikia kwamba wanamwonea wivu. Mmoja alisema naye anatamani kufanya kazi akiwa likizo mahali penye jua namna hiyo.

Mwenzake huyo hakuwa na ubaya. Kwa watu wengi duniani, kufanya kazi kisiwani ni raha iliyopangwa. Korona ilipofunga maofisi mwaka 2020, serikali ya Barbados ilianzisha ruhusa ya miezi 12 kwa wageni wanaofanyia kazi kwenye kompyuta. Masharti yake yalikuwa kuwa na mapato ya dola 50,000 kwa mwaka, na kulipa dola 2,000 kwa mtu mmoja. Mwaka huo huo kisiwa cha Mauritius, hapa Afrika, kilitoa visa ya namna hiyo kwa mwenye mapato ya dola 1,500 kwa mwezi. Mgeni anakuja na kompyuta yake, anafanya kazi asubuhi, jioni anaogelea. Akichoka, anarudi kwao.

Tofauti iko hapo pa kurudi kwao. Dada huyu alikuwa na kompyuta, kisiwa na jua kama wale wengine. Lakini hakuchagua tarehe ya kuja, na hakujua tarehe ya kuondoka.

Kwa nini basi hakusema ukweli? Aliogopa. Alijua mtu aliyepoteza mkataba baada ya kusema kwamba mahali alipo kuna vita. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiingiza pesa katika familia. Akaona heri wamdhanie yuko likizo.

Kazi yenyewe aliipanga kwa akili. Sauti ya saa 1 inaweza kufika mega 30 au zaidi, lakini maandishi yake hayafiki hata mega 1. Kwa hiyo alipakua sauti usiku mtandao ukiwa mwepesi, akafanya kazi mchana simu ikiwa imefungwa mtandao ili betri isiishe, na kutuma maandishi alfajiri. Kuandika saa 1 ya mazungumzo kunamchukua saa 4, na zaidi kama watu wanaongea pamoja.

Shida ilikuwa umeme. Katika kijiji hicho hakuna nguzo za umeme. Mama mwenye nyumba ana paneli moja ya sola. Inawasha taa na redio, na mchana majirani wanaleta simu zao kuchaji kwa pesa kidogo. Pesa hizo ndizo za chumvi na sabuni. Kompyuta ya mgeni ilikula umeme wa simu nyingi. Mjane hakusema kitu. Aliyeona ni mama mzazi: alihesabu simu zilizorudishwa bila kuchajiwa, akamwambia binti yake, "Tunakula chumvi ya mwenzetu."

Tangu siku hiyo dada alianza kufanya kazi yote kwenye simu, kwa vidole viwili, kompyuta ikabaki ndani ya kitenge.

Halafu mvua za Machi zikaja. Mawingu yalikaa juu ya ziwa siku nzima, na paneli haikupata nguvu hata ya taa. Kazi ilichelewa siku moja, kisha mbili, kisha nne. Msimamizi akaandika kwa utani: "Naona jua la kisiwani limekuzidi." Dada alisoma maneno hayo chini ya mparachichi, maji yakimtiririka shingoni, kanga imefunika simu isilowe. Hapo ndipo aliamua kusema.

Aliandika kwamba hayuko likizo. Aliandika kuhusu Minova, mashua, mama mgonjwa, paneli na mvua. Hakuomba msaada. Aliomba siku 5 za nyongeza, na kwamba mshahara usipelekwe tena benki, kwa sababu benki za Goma zilifungwa tangu vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari, na pesa yake ya mwezi huo ilikuwa imekwama humo.

Jibu moja lilikuja siku hiyo hiyo. Msimamizi alimwomba radhi kwa utani wake, akampa siku 10, na kuanzia hapo malipo yanapita kwenye simu. Jibu la pili lilikuja baada ya wiki, kutoka kwa mteja mwingine aliyepata habari hiyo. Lilisema mkataba wao naye umesimamishwa mpaka hali itakapokuwa nzuri. Hivyo hofu yake haikuwa ya bure. Ukweli ulimwachia kazi moja na kumnyang'anya nyingine. Anasema hajuti, kwa sababu tangu siku ile analala.

Pesa ya kwanza iliyoingia kwenye simu haikutoka mara moja. Wakala wa kijijini hakuwa na noti za kutosha, ikabidi kungoja siku ya soko na kukubali makato. Alinunua paneli ndogo na betri yake. Sasa paneli mbili ziko juu ya paa, na ya mama mwenye nyumba imerudia simu za majirani.

Vijana wawili, mmoja mkimbizi na mmoja wa kijiji, wanakaa naye mchana kujifunza. Anawaambia mambo matatu. La kwanza, kazi ya kweli haikuombi pesa ili uanze; anayekuomba dola 10 za kujiandikisha ni mwizi. La pili, weka nakala ya kazi yako mahali pawili, maana simu inaweza kuanguka ziwani. La tatu, makubaliano ya malipo yaandikwe kabla ya kuanza, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Kiangazi kilipofika mwezi wa Juni, paneli zilijaa kabla ya saa sita mchana na kazi ikaenda haraka. Jioni moja dada alimwambia mama yake kwamba wanaweza kubaki Idjwi hata mwaka mzima, maana kazi yake haina mahali.

Mama alikuwa akichambua maharagwe mlangoni, uso wake ukiangalia ng'ambo, upande wa milima ya Kalehe.

"Kazi yako inaingia ndani ya mfuko, binti yangu," alisema. "Shamba langu haliingii."

Dada hakujibu. Alifajiri kesho yake, saa 11, akapanda kilima. Baada ya kutuma kazi hakushuka mara moja. Alimpigia simu jirani wa zamani Minova, kuuliza shamba la mama sasa linalimwa na nani.