Sahani Zilitoboa Siri

MPENZI msomaji, ukialikwa leo uketi ule samaki mbichi, utasemaje? Mimi siku zote nilisema, "Mungu apishe mbali!" Kwetu samaki asiyeguswa na moto ni wa paka.

Basi mwaka wa 2018 kazi ilinipeleka Japani, na katika jiji la Osaka alikuwako mdogo wangu akisoma, mwaka wake wa nne bila kuja nyumbani. Jioni ya kwanza alinipeleka kwenye mkahawa wa sushi wa mtaani kwake.

"Dada, usiogope bei," aliniambia njiani. "Hapa ni kama kibandani kwetu."

Hakunidanganya. Wanafunzi wenye sare, wazee, akina mama na watoto wao, wote walikuwa wamebanana humo. Mkanda mwembamba ulizunguka mbele yetu ukibeba sahani ndogo ndogo, kila moja ina vipande viwili: tonge la wali uliotiwa siki, na juu yake kipande cha jodari, kamba au pweza. Ukipendacho unachukua. Chai ya kijani unajitilia mwenyewe kwa maji moto ya bomba lililo papo hapo mezani.

Mkanda huo ulibuniwa na Yoshiaki Shiraishi, mwenye mkahawa, aliyeona chupa za bia zikipita juu ya mkanda kiwandani akawaza: kwa nini isiwe sushi? Mwaka wa 1958 akafungua mkahawa wa kwanza wa aina hiyo, huko Higashi-Osaka. Wahudumu wachache, wateja wengi, bei ikashuka.

Nilianza na yai, kwa woga. Kisha mdogo wangu akinicheka, nikafumba macho nikatia jodari mbichi mdomoni. Lo! Hakuwa na shombo hata chembe. Alikuwa laini kama parachichi lililoiva. Wasabi ilinipanda puani hadi machozi yakanitoka, lakini mkono ulikuwa umeshafika kwenye sahani nyingine.

Malipo hufuata sahani. Nyingi zilikuwa za yeni 100 bila kodi, karibu shilingi 90 zetu wakati huo (mikahawa mikubwa iliiacha bei hiyo mwaka wa 2022). Sahani tupu unazipanga mbele yako, mhudumu anakuja kuzihesabu.

Ndipo nilipotazama. Mbele yangu palikuwa na mnara wa sahani 13. Mbele yake, 3.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, Dada."

Huyu ndiye aliyekuwa akimaliza ugali wa sufuria nzima na kukwangua ukoko! Nikazidi kumtazama. Akainamisha macho, akijaza kikombe cha nne cha chai.

Msomaji, kila muhula karo ya kitindamimba wetu ilikuwa ikifika kutoka Japani. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe ametajirika. Hata mimi, nakiri, niliwahi kumpigia simu kodi ya nyumba iliponilemea. Alituma siku ya pili bila kuuliza lolote. Sikujiuliza yeye anakula nini. Kwenye simu alisema, "Nakula vizuri," nami nikaamini, kwa sababu kuamini kulinifaa.

Unadhani nilimhubiria? La. Jodari walipopita nilinyakua sahani mbili nikaziweka mbele yake.

"Nalipa mimi," nikamwambia. "Na ukibisha nampigia Mama sasa hivi."

Alicheka. Kisha akala, mwanzoni polepole kama mgeni, halafu kama yule kijana ninayemjua. Mhudumu alipokuja kuhesabu, mnara wake ulikuwa na sahani 16, umeupita wangu, na bado macho yake yalikuwa kwenye mkanda.