Ua wa Mibono, Engaruka

Kutoka Mto wa Mbu barabara inafuata ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Ziwa Natron, vumbi kwa vumbi, mpaka kijani kinapochomoza chini ya genge. Ndiyo Engaruka. Maji ya mto wake yanagawanywa kwa mifereji, na mashamba mengi yamezungushiwa mibono (jatropha). Ng'ombe na mbuzi hawaigusi.

Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa anachuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Angalia utomvu huo, hautoki nguoni."

Kichala alichokishika kilikuwa na matunda mabichi, ya manjano na makavu meusi, yote pamoja. Hapo ndipo penye kazi. Mbegu ya tunda bichi haijajaza mafuta. Tunda likigeuka manjano na kuanza kukauka, ndipo yanapokamilika. Kuchagua tunda moja moja kunamaliza siku, na mnunuzi anapima kilo tu, kwa hiyo wengi hukwanyua kichala kizima.

Alinibanjia mbegu mbili juu ya ukurasa wa daftari. Ya kwanza ilitoka kwenye mti ulio kando ya mfereji: kiini cheupe, kimejaa. Alipokikandamiza kwa kidole gumba, doa la mafuta lilipenya hadi ukurasa wa pili. Ya pili ilitoka kule ua unakoishia kwenye changarawe. Ilikuwa imesinyaa, na doa lake halikuzidi punje ya mtama. Ua wote, alisema, ulipandwa kwa vijiti vya mti mmoja. Asili ni ile ile. Maji na udongo ndivyo vilivyozitenga.

Mbegu ya mbono huwa na mafuta kati ya asilimia 27 na 40 ya uzito wake, na wingi si yote. Mbegu ikifungiwa kwenye gunia kabla ya kukauka, asidi hupanda. Mafuta yake yakichanganywa na kostiki ili yawe dizeli, sehemu hugeuka sabuni. Wanaopika sabuni hawana neno na hilo. Mwenye mtambo wa dizeli anapata hasara.

Desemba 2008 Air New Zealand ilijaribu ndege ambayo injini yake moja ilitumia nusu mafuta ya mbono, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa mbegu. Miaka hiyo mashamba makubwa yalifunguliwa Kisarawe na Kilwa, ilhali mbono haukuwa umechaguliwa kizazi hadi kizazi kama mahindi. Hayakudumu. Ninaumia nikifikiria ardhi ya vijiji iliyotolewa kwa ahadi ya mti ambao hakuna aliyekuwa ameujua vizuri.

Mama alikuwa na madebe mawili, moja la mbegu pevu, jingine la mchanganyiko. Nilimuuliza kama la kwanza lina bei zaidi.

"Bei ni moja, mwanangu."

Kipande cha karatasi kingetosha kulisahihisha hilo, pale pale kwenye mizani.