Bibi na Majina Yake

Bibi yangu mzaa baba aliomba kwa majina. Hakuwa na habari na maombi ya jumla ya "ubariki ukoo wetu na jirani zetu". Kila usiku, koroboi ikiwa juu ya debe lililogeuzwa na ugali umefunikwa, alipiga magoti kwenye gunia akaanza na mtoto wake wa kwanza, akashuka mmoja mmoja hadi kitinda mimba, akaingia kwa wakwe, wajukuu, ndugu wa babu huko Ubena, mwinjilisti, mwalimu wa shule, na yule bwana aliyetukopa debe la mahindi akahama bila kulipa. Sisi watoto magoti yalituuma. Tulijua jina gani likifika basi "Amina" haiko mbali, na binamu yangu mmoja alikuwa na kawaida ya kukohoa likitajwa, kama anayeharakisha mambo. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akaanza upya kuanzia juu.

Desturi hiyo hakuipata kanisani. Aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa shida. Bibi alizaliwa Utengule, Usafwa, kabla mji wa Mbeya haujakuwapo. Mji ulianza mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, naye alikumbuka akibebeshwa viazi kupeleka kwa wajenzi. Utengule ilikuwa boma la Merere, mtemi wa Wasangu. Wamoravian walifungua misheni pale mwaka 1895, na waliokuja kukaa chini ya misheni hiyo wengi walikuwa watu waliokwisha kukatwa na kwao: wanawake waliotekwa, waliouzwa, waliotoroka. Mmisionari mmoja, Elise Kootz-Kretschmer, aliwasikiliza wanawake hao na kuandika maisha yao, na kwa sababu hiyo leo tunaweza kusoma habari za baadhi yao. Za mama yake bibi hazikuandikwa. Alifika pale akiwa mtoto mdogo, hajui kwao ni upande gani wa Ziwa Nyasa, ila alikuwa na majina: ya mama, ya kaka wawili, ya mbwa. Aliyasema kila usiku yasimpotee. Alipobatizwa akaendelea kuyasema, sasa akimwambia Mungu. Mbwa pia, bibi alisisitiza.

Babu alikuwa Mbena, Mlutheri wa Kidugala, mmoja wa vijana waliopita kwa miguu kwenda Chunya kuchimba dhahabu miaka ya 1930. Dhahabu hakuipata ya maana. Alimpata bibi, wakafungishwa ndoa baada ya barua za wamisionari kwenda na kurudi, na miaka ya 1950 mwanzoni wakahamia Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa kwenye barabara ya Dodoma, ambako watu wa kila kabila walikuwa wanafyeka mapori kulima mahindi. Hapo ndipo nilipolelewa mimi, baba yangu akiwa kazini mbali. Bibi aliniita mke mwenzangu, na babu akawa anagombaniwa kila siku kwa utani.

Msidhani namchora malaika. Alikuwa mkali, mbishi, na kwenye mnada wa mavuno alikuwa kero ya kanisa zima. Mnada wenyewe wengi mnaujua: ibada ikiisha, sadaka za vitu hutolewa nje, mzee wa kanisa anashika kuku miguu na kutangaza bei. Bibi kila msimu alitoa koo wake bora, kisha kwenye mnada akapandisha bei ili amnunue mwenyewe. Mtu akisema shilingi tatu, yeye tatu na nusu. Mara moja mwalimu wa shule, kwa uchokozi tu, alimpandishia hadi bei ya mbuzi mdogo. Bibi akafungua fundo la khanga, akahesabu thumni moja moja kwenye kiganja cha mhazini, akambeba kuku wake kwapani. Babu alipomuuliza kwa nini asitoe fedha tangu mwanzo akaacha kuku nyumbani, alijibu kwamba fedha si sadaka mpaka ikuume.

Na kuna jambo la shangazi, ambalo sikubaliani na bibi mpaka leo. Shangazi alipata mimba nyumbani. Kanisa lilimtenga, kama ilivyokuwa desturi, na hakuna aliyemsimamia kwa ukali kuliko mama yake mzazi. Alimkalisha benchi la nyuma Jumapili zote hadi mtoto akatambaa, ndipo akarudishwa kundini mbele ya watu wote, amesimama, macho chini. Mwanamume mhusika alikuwa anaimba kwaya muda wote huo. Bibi alimtaja shangazi kila usiku kwenye maombi, kwa jina na kwa kosa, na shangazi akiwa chumba cha pili anasikia. Baadaye shangazi aliondoka kwenda Chunya kufanya biashara ya nguo, na kwa miaka mingi alituma fedha bila barua.

Sasa nifike kwenye Krismasi ya mwaka 1971.

Isimani ya wakati huo ilikuwa imegawanyika. Kulikuwa na wakulima wakubwa wenye matrekta, kulikuwa na wadogo waliokodi matrekta hayo, kulikuwa na vibarua. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 wengi walifikiri ni mambo ya mabenki na mashamba ya mkonge. Kisha ujamaa ukaja kwetu, na Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, akausukuma kwa mikono yake miwili: mashamba makubwa yaingie kwenye vijiji, watu walime kwa pamoja. Babu alikuwa na heka chache tu, hivyo hakuwa bepari wa mtu yeyote, lakini aliogopa. Wadogo wengi waliogopa pamoja na wakubwa, na wengine walifurahi. Nyumbani kwetu walikuwapo wa aina zote mbili.

Siku hiyo ya Krismasi tulikuwa tumetoka ibadani, wali unaiva. Mtu alipita na baiskeli, hakushuka, akamwambia babu maneno machache kwa Kihehe. Babu akaingia ndani akakaa. Habari ilikuwa kwamba Said Mwamwindi, mkulima wa Mkungugu, amempiga Mkuu wa Mkoa risasi shambani kwake, amemuua, na maiti ameipakia kwenye gari la marehemu mwenyewe akaendesha hadi polisi Iringa. Nilikuwa mtoto na nilichoelewa ni kwamba watu wazima wameacha kula sikukuu. Jioni nilimsikia jirani mmoja uani akicheka kicheko kifupi na kusema sasa mashamba yatabaki. Bibi alikuwa anaosha vyombo. Alimwambia, mikono ikiwa majini bado, "Baba, leo kuna mwanamke amekuwa mjane siku ya Krismasi. Kama unataka kucheka, nenda kachekee kwako." Jirani akaenda.

Usiku maombi yalipofika nje ya ukoo, bibi alimtaja mke wa Klerruu, bila jina kwa kuwa hakulijua, na watoto wake. Tukadhani amemaliza. Akaendelea: "Na Saidi. Na wake zake, na watoto wake, usiku huu wanakolala." Babu alinyanyuka magotini. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla ya Amina, wala baada ya siku hiyo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba jina hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba yake, kwamba magari ya polisi yanapita barabarani, kwamba ukuta wa udongo una masikio. Bibi akamwacha aseme hadi mwisho. Kisha akasema, "Watu wa aliyekufa nimewataja kwanza," akaendelea na mwinjilisti.

Siku zilizofuata watu wa Isimani walijifunza kunyamaza. Mwamwindi alishtakiwa Mahakama Kuu mjini Iringa mwaka 1972 mbele ya Jaji Onyiuke, akahukumiwa kifo, na baadaye akanyongwa. Ujamaa haukurudi nyuma. Mashamba makubwa yaliingia vijijini, na heka za babu nazo zikaingia, kwa hiyo kicheko cha jirani hakikumfaa kitu. Watu hao wawili, mjane na Saidi, bibi aliendelea kuwataja. Baada ya kunyongwa alimhamishia Saidi kwenye shukrani za waliolala, kwa maana Walutheri hawawaombei wafu na yeye alijua mipaka; ila wake zake na watoto wake walibaki pale pale. Nimesikia mengi yakisemwa juu ya Isimani, kwamba Mwamwindi alikuwa shujaa, kwamba Klerruu alikuwa mfia nchi, na kila mwenye kusema anachagua mmoja. Mimi nililelewa kwenye nyumba ambamo watu wa pande zote mbili walitajwa kabla ya ugali, na naona ndiyo sababu kelele hizo hunichosha.

Miaka ya 1980 nilisomea ualimu Iringa, kwenye chuo kinachoitwa Klerruu. Nilipokwenda kumuaga bibi aliuliza swali moja tu: "Hapo chuoni, mke wake huwa anakuja?"

Wakati huo yeye alikuwa amesharudi Mbeya. Babu alifariki Isimani miaka ya 1970 katikati, na baba mkubwa alikuwa amepata kazi TAZARA, reli iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Akamchukua mama yake wakaishi Iyunga, karibu na stesheni. Bibi akarudi Umoravian bila kuomba ruhusa ya mtu. Alisema Kilutheri alikiazima kwa babu, na mwenye mali amekwenda. Kilichomfurahisha zaidi kilikuwa Pasaka: Wamoravian hukusanyika makaburini kabla ya jua kuchomoza, tarumbeta zikilia gizani, na liturujia yao ina mahali pa kuwakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita. Hatimaye alipata kanisa lililofanya kama alivyofanya yeye.

Ya vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni, mbona kila mtu aliyaona. Yaliyokuja baadaye ndiyo yaliyobadilisha orodha.

Mbeya na Iringa zimekaa kwenye barabara kuu ya Zambia, malori yanalala njiani, na watu wetu ni wa kusafiri: mashamba ya chai Mufindi, misitu ya Sao Hill, biashara Tunduma. Ukimwi ulitukuta hapo. Takwimu za mwaka 2007 na 2008 zilionyesha Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado na Njombe na Makete ndani yake, una maambukizi karibu watu wazima 16 katika kila 100, taifa zima likiwa chini ya 6. Sisi tulikuwa tumeshajua bila takwimu. Majina yalikuwa yanahama kwenye maombi kila baada ya miezi, na nyuma ya kila jina lililohama waliingia watoto.

Watu walisema TB, malaria sugu, amerogwa. Bibi alisema ukimwi. Alisema mbele za Mungu na mbele ya mgonjwa mwenyewe. Mkwe wake mmoja alipoletwa nyumbani hawezi kugeuka kitandani, ndugu wakawa wanamsalimia mlangoni, bibi ambaye umri wake ulikuwa umepita 70 ndiye aliyemwogesha. Glovu hazikuwapo. Alivaa mfuko wa rambo kila mkono, akaufunga kwa kamba ya kitenge kwenye kifundo, akachemsha maji, akaweka chumvi. Alimgeuza kwa shuka: anavuta upande mmoja, anasukuma mto mgongoni, anavuta tena. Nilikuwa likizo, nikashika beseni. Alipomaliza alivua mifuko akaiunguza jikoni, moshi wake mbaya ukajaa nyumba nzima, akaniambia nipike uji wa ulezi mwepesi. Mkwe alikufa kabla dawa za bure hazijafika. Watoto wake watatu bibi aliwalea, na alipochoka sana shangazi alikuja kutoka Chunya kuwachukua. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Bibi alimpa orodha ya chanjo na madaftari ya shule. Msamaha, kama ulikuwapo, sikuusikia.

Mwishoni alichanganya. Aliwaombea afya waliokufa zamani, akawashukuria walio hai kama waliolala salama, na baba mkubwa, aliyekuwa amekaa mbele yake na suruali yake ya TAZARA, alijisikia akishukuriwa kwa maisha yake mema. Hakuna aliyemsahihisha.

Alifariki mwaka 2009. Kwa kuwa mimi ni mwalimu nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, na nikaandika: Utengule, Isimani, usiku wa Krismasi, mkwe na mifuko ya rambo. Baba mkubwa aliusoma asubuhi ya maziko, akachomoa kalamu mfukoni akakata mistari miwili. Msiba si mahali pa siasa, alisema, wala pa magonjwa ya watu. Nilikuwa tayari kunyamaza, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na mahema yalikuwa yamelipwa naye. Shangazi, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, ndiye aliyeomba karatasi. Alisoma bila haraka.

"Kaka, mimi alinitaja kwa kosa langu kila usiku, na nyote mlisikia," alisema. "Leo mnaona aibu ya nini?"

Walibishana hadi mchungaji alipofika. Mwisho wakagawana: ukimwi ulirudishwa, Isimani ikabaki imekatwa.

"Hao wana watu wao," alisema baba mkubwa, akanirudishia karatasi nikaisafishe upya kabla jeneza halijatoka.