Jiwe na Mahali Lilipolala



Mvua za masika zinapopungua, wakulima wa Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Njoro, huona jambo ambalo wamelizoea mno hata hawalitaji. Maji yaliyosomba udongo huacha juu ya ardhi vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Wataalamu huliita obsidiani, nalo ni uji wa volkeno uliopoa upesi. Vingi vya vipande hivyo havikuvunjwa na maji wala na jembe. Vilipasuliwa kwa mkono wa mtu, kwa pigo lililopimwa, ili vipate makali ya kukatia nyama na kuchunia ngozi. Kando yake pengine hupatikana kigae cha chungu chenye nakshi, na kwa nadra sana bakuli lililochongwa kutoka katika jiwe zima.

Ni vitu vya watu wa kipindi kinachoitwa Neolithiki, yaani Zama Mpya za Mawe. Katika nchi nyingi jina hilo huambatana na kilimo. Kwetu ni habari ya wafugaji: watu wenye ng'ombe, kondoo na mbuzi, ambao zaidi ya miaka 3,000 iliyopita walikuwa wamekwisha kuenea katika nyanda za juu za Kenya na kufika kaskazini mwa Tanzania, nao hawakuwa na chuma. Juma hili twataka kuzungumza juu ya wale wanaoviokota vitu hivyo na kuviweka, kwa maana jambo hilo limetufikia mlangoni.

Tusianze kwa kuwalaumu. Anayeinama kuokota jiwe lililochongwa, akaliweka katikati ya kidole gumba na cha shahada, akaona kwamba linakaa sawasawa pale mkono wa mwingine ulipolishika, huyo amepata furaha ambayo haina haja ya kuombewa radhi. Tena elimu yenyewe ilianzia katika makabati ya wakusanyaji. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, watu waliamini kwamba shoka za mawe zinazofukuliwa shambani ni mawe ya radi, yaliyodondoka kutoka mawinguni. Wapo waliozitunza nyumbani ili radi isipige paa. Michele Mercati, tabibu aliyetunza hazina ya mawe na madini ya Vatikano katika karne ya 16, alikuwa na mawe ya namna hiyo mbele yake, akayatazama kwa makini, akasema kwamba yalichongwa na watu wa kale ambao hawakujua chuma. Alifariki mwaka 1593, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1717. Hazina iliyokusanywa ndiyo iliyomfumbua macho.

Lakini tuangalie pia alichoweza kukijua na asichoweza. Jiwe mkononi lilimwambia kwamba limetengenezwa. Halikumwambia na nani, wala lini, wala kwa kazi gani. Majibu hayo hayamo ndani ya jiwe. Yamo katika udongo uliolizunguka, katika mifupa na makaa yaliyolala pamoja nalo, na katika kina lilikofukiwa.

Mfano tunao karibu. Mwaka 1938 Mary Leakey na mumewe Louis walichimba pango lililo kando ya Mto Njoro. Humo walikuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa kwa moto katika maziko, na pamoja nao mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia, michi na shanga za mawe ya rangi. Moto ule ule uliochoma maiti uligeuza kibuyu na chombo cha mti kuwa makaa, na kwa sababu hiyo havikuoza. Basi tufikiri: kama mabakuli yale yangalitolewa pangoni moja moja na watu waliopita, yakauzwa au yakawekwa rafuni, leo yangekuwa mabakuli tu. Tungesema ni mazuri. Tusingejua kwamba ni vyombo walivyopewa marehemu, wala kwamba hapo palikuwa pahali pa kuagana.

Hata kipande kidogo cha obsidiani kina ushahidi wa namna hii. Mwaka 1984 watafiti Merrick na Brown walionyesha kwamba kwa kupima kemikali zilizomo ndani ya jiwe hilo mtu aweza kujua lilitoka mlima gani. Hivyo ikathibitika kwamba obsidiani ya Mlima Eburru ilifika hadi Gogo Falls, upande wa Ziwa Victoria, umbali wa karibu kilomita 200. Jambo hili hutushangaza kila tunapolikumbuka. Watu walipokezana jiwe, au walilifuata kwa miguu, wakivuka nyika na mito. Lakini kipimo cha maabara hutoa nusu moja tu ya habari, yaani lilikotoka. Nusu ya pili, yaani lilikofika, hutolewa na yule aliyeliokota, iwapo aliandika.

Na sasa tuje kwenye sanduku.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alifariki mwaka juzi. Kwa muda wa miaka 40 hivi alikuwa ameokota mawe na vigae katika shamba lake na mashamba ya jirani, akavijaza katika sanduku la bati la wanafunzi wa bweni. Wanawe walilileta kwetu kwa sababu walikuwa hawapatani. Mmoja alitaka lipelekwe makumbusho. Wa pili alitaka kila mtu achukue sehemu yake, iwe ukumbusho wa baba. Wa tatu alikuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi kutoka mjini, ambaye hakuvitaka vigae hata kidogo, bali alitaka bakuli la jiwe lililokuwa chini kabisa, limefungwa kwa gazeti. Bei aliyoitaja ilitosha karo ya muhula mzima, na katika nyumba ile karo si jambo la mzaha. Hatukuona sababu ya kumkemea kijana yule.

Tulivitandaza vyote juu ya mkeka. Vile vya miaka ya mwanzo vilikuwa na karatasi, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: "chini ya mkuyu wa pili", "njia ya kisimani, baada ya mvua". Mkuyu wa pili umekatwa zamani, na kisima kimefukiwa. Vya miaka ya baadaye havikuwa na neno lolote. Bakuli nalo halikuwa na karatasi.

Hapo mama yao, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote, akasema, "Hilo nalikumbuka. Siku ile nilimpelekea uji. Alikuwa anachimba shimo la kuzuia maji, kule chini karibu na korongo, akakataa kunywa mpaka alitoe. Kulikuwa na jiwe lingine refu kando yake, na kitu kama majivu. Alisema atarudi kuchimba zaidi, na hakurudi."

Wanawe hawakuwa wamewahi kuyasikia maneno hayo. Hata yule wa tatu aliuliza, "Majivu?" Kisha akauliza tena shimo lilikuwa upande upi wa korongo.

Kwa upande wa sheria, mambo ni wazi kuliko watu wengi wanavyodhani. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yamtaka mwenye kugundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa alipokigundua na hali aliyokikuta. Kuchimba kwahitaji leseni, na kutoa nje ya nchi kwahitaji kibali. Tulipowasomea, tuliona jinsi sheria inavyodai jambo lile lile alilolisema mama: wapi, na kando yake palikuwa na nini.

Kuhusu vigae ambavyo mnunuzi alividharau, tuliwasihi wasivioshe. Chungu kisichopakwa rangi ya kioo hunyonya mafuta ya chakula kinachopikwa ndani yake, nayo hubaki katika vinyweleo vya udongo kwa maelfu ya miaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya vigae kutoka Kenya na Tanzania, pamoja na vile vya Luxmanda katika mkoa wa Manyara, ulikuta humo dalili za maziwa, nyama na mimea. Vigae vile ni vya kawaida kabisa, vya aina ambayo mkusanyaji huviruka akitafuta chenye nakshi. Kwetu sisi hiki ndicho kisa kikubwa kuliko bakuli. Kwamba mama fulani alichemsha maziwa miaka 3,000 iliyopita, na kwamba jambo hilo laweza kujulikana, halina bei ambayo mnunuzi angeweza kuitaja.

Ndugu hao watatu hawajaafikiana juu ya kila kitu. Karo bado inatafutwa, na wa pili angali anaomba abaki na kipande kimoja cha obsidiani ambacho baba yake alizoea kukibeba mfukoni. Lakini taarifa imekwisha kuandikwa, na bakuli limebaki katika gazeti lake. Jumamosi tutashuka korongoni pamoja na mama yao, polepole kwa sababu ya magoti yake, ili atuonyeshe kwa kidole mahali lilipokuwa shimo kabla mahindi hayajawa marefu. Kijana wa tatu amejitolea kuleta kamba ya kupimia na vigingi vinne. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayebeba jembe.